Risala kwa Vidosava, Ambaye Hajawahi Kumwita Mtu

Mgeni rasmi, Bibi Vidosava Petković, mkulima wa hoho, mke wa Momčilo, mama wa Jagoda, na jirani yetu tangu tukiwa na meno ya utotoni;

Ljubinka, mwenyekiti wetu;

Desa, mwenye ua huu na jiko hili;

Momčilo, mwanamume pekee uliyeruhusiwa kuingia hapa leo, tena kwa sharti la kukaa kimya;

Kina mama wote wa mtaa wa juu, Gornja Lipovina:

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi wanawake wa Kikundi cha Jiko la Nje tunayo furaha kubwa kukukaribisha Jumapili ya leo katika ua ambao unaujua kuliko sisi, maana nusu ya matofali ya jiko hili uliyabeba wewe. Tumekuwekea kiti chenye mto. Tumekutandikia kile kitambaa alichofuma mama yake Desa, ambacho Desa hakukitoa hata padri alipokuja kubariki nyumba. Kuku amechinjwa. Kahawa yako haina sukari, tunajua, kwa hiyo usionje ya jirani yako ukaanza kulalamika.

Tumesikia ulivyobishana na Desa pale langoni.

"Mgeni rasmi wa nini mimi? Si mngemwita diwani."

"Diwani tulimwita mwaka juzi. Alikula, akaahidi barabara, akaenda zake."

"Haya, basi nipeni kisu nimenye hoho huku mnasoma."

"Mgeni rasmi hamenyi hoho, Vida. Kaa."

Tunakushukuru kwa kukaa. Tunaona mikono yako haijui iende wapi. Iweke mapajani, itazoea.

Kazi ya kusoma nimepewa mimi kwa sababu nilitangaza mabasi katika kituo cha Leskovac mpaka nilipostaafu, na wenzangu wanadai sauti yangu humfikia hata asiyesafiri. Jina langu unalijua, lakini shughuli rasmi ina taratibu zake: naitwa Stamenka Mladenović. Titi langu la kushoto liliondoka miaka kadhaa iliyopita na halijatuma salamu. Nayasema haya waziwazi kwa kuwa katika kikundi hiki hatusemi "ule ugonjwa" wala "kile kitu" kwa sauti ya chini huku tukitazama mlango. Tunasema saratani ya titi. Ukishaitamka mara chache mbele ya watu wanaokupenda, unaona kwamba nyumba bado imesimama.

HISTORIA FUPI YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, hakuna aliyekaa akapanga kuanzisha kikundi. Sisi tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja tu, ambao kila mwaka hoho zinapoiva tunakusanyika hapa, tunazichoma, tunazimenya, tunazisaga, tunapika ajvar, rojo letu la hoho, mpaka mwiko usimame wenyewe katikati ya sufuria, kisha tunajaza chupa za majira ya baridi. Huku tunasengenya. Kikundi kilianza kwa sababu Ljubinka alinyamaza.

Wewe unaikumbuka desturi ya ujima kuliko sisi, na hutaki mtu aichezee. Mwenye shamba lililomwelemea hutoka mwenyewe, hupita nyumba hadi nyumba, husema: njooni kwangu. Bila kuitwa huendi. Kuingia shamba la mtu bila mwito ni kumwambia mbele ya kijiji kizima kwamba ameshindwa na maisha. Na ukiitwa, hukatai. Uwe na homa, uwe umegombana naye juu ya mpaka, unafunga kitambaa kichwani na unakwenda.

Sasa Ljubinka aligunduliwa ana saratani ya titi msimu wa mavuno, hoho zikiwa bado shambani. Akakaa dirishani akitungoja tuje. Sisi nasi tukakaa kwenye madirisha yetu tukingoja atuite. Kila jioni tuliulizana, ameita? Hajaita. Basi ana nguvu bado, tusimwaibishe. Tulimheshimu hivyo mpaka baridi kali ikaziua hoho zote, zikaning'inia nyeusi kwenye miti yake, naye akaenda kupasuliwa bila mtu wa kumbebea hata begi.

Masika yalipofika alikuja hapa akiwa na kitambaa kichwani na nywele hana. Alisimama pale, penye pipa.

"Mlikuwa wapi nyinyi?"

"Tulikuwa tunangoja utuite," Desa akamjibu.

"Nami nilikuwa nawangoja mje."

Ndipo Bosiljka, Mungu amrehemu, akasema, "Basi tuandikwe kwenye kitabu cha wapumbavu, na ukurasa mzima tupewe sisi." Akaanza kucheka yeye, akafuata Ljubinka, na kabla hatujajua tunacheka nini tulikuwa tumekumbatiana na kulia kwa sauti, mpaka majirani wa mtaa wa chini wakadhani kuna msiba.

Siku ile tuliweka kanuni moja, nayo ndiyo katiba yetu nzima. Desturi haiguswi. Ila mwenye kuumwa lazima ajifunze kuita.

Baada ya Ljubinka akaja Desa, kisha mimi, kisha Bosiljka. Na sasa wewe. Ulitwambia ukiwa umekaa hapa hapa, mikono imejaa maganda. Ulisema, "Nimekutwa na saratani. Desa, nipitishie kisu kile, hiki hakikati." Desa akakupitishia. Tukaendelea kumenya kana kwamba umetuambia bei ya unga, kwa kuwa tunakujua, ungeona chozi ungeondoka. Ulipokwenda kwako tulilia, na Desa akaunguza sufuria nzima.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, fanikio letu la kwanza ni kwamba kati ya wanne, tuko hai watatu. Hatuwezi kulitaja hilo bila kumtaja wa nne. Bosiljka alikwenda hospitali mapema, alitimiza kila alichoambiwa, alimeza kila kidonge, na alikufa. Ljubinka alichelewa, na huyu hapa, anamaliza kuku. Hatujui kwa nini ikawa hivyo. Daktari naye, tulipombana, alikiri kwamba hajui yote. Kwa hiyo hatuji kwako na ahadi za kanisani. Tunachokijua ni maneno ambayo daktari wako alimwambia Momčilo mkiwa pamoja mle chumbani, ambayo ametusimulia neno kwa neno: "Ni kidogo. Tukitoe kikiwa bado kidogo." Hayo tumeyashika, na tunakuomba uyashike.

Fanikio la pili ni ujuzi. Tumejifunza mambo ambayo hakuna anayekuandikia unapotoka hospitali, na leo tunakupa yote, bure.

La kwanza, usiende kwa daktari peke yako. Nenda na mtu mwenye masikio. Desa alikwenda peke yake kuchukua majibu. Daktari aliongea naye kwa upole, muda mrefu, akamchorea na picha. Alipotoka, dada yake akamuuliza, "Haya, amesemaje?" Desa akajibu, "Ana mbwa." Alikuwa ameitazama picha ya mbwa mezani kwa daktari tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna kingine kilichoingia. Hili litakupata hata wewe mwenye kichwa kizuri. Neno saratani likishatamkwa, masikio hufunga duka. Kwa hiyo awepo mwingine wa kusikiliza, na usione haya kusema, daktari, rudia, tena polepole.

Halafu nguo. Beba mashati ya kufungua mbele, maana baada ya upasuaji mkono hautapanda juu ya kichwa kwa siku kadhaa. Utawekewa mrija mdogo wa kutoa maji kwenye kidonda, na utachukia jinsi unavyoning'inia. Ljubinka amekushonea kifuko cha kuuvalia shingoni, kina maua, samahani kwa maua, ndicho kitambaa tulichokuwa nacho. Mimi nimekushonea mto mdogo wa kuweka kwapani, na ndani ya gari utauweka kati ya kifua na mkanda. Hujui utakavyoupenda mto ule barabara yetu ikianza mashimo yake.

Mazoezi ya mkono utakayoonyeshwa na muuguzi, yafanye. Kreti za hoho kwa mkono ule, hapana. Tunakufahamu, Vida, ndiyo maana tunasema mbele ya shahidi.

Kuhusu dawa za dripu, huenda ukapewa, huenda usipewe, inategemea majibu ya kile watakachokitoa, na wewe usianze kuzilia kabla hujaambiwa. Zikija, basi chakula kinaweza kuwa na ladha ya chuma. Kula kwa kijiko cha mti. Usipike unachokipenda siku za kichefuchefu. Ljubinka alijipikia kabichi ya kuviringisha nyama ili ajifurahishe, na mpaka leo akisikia harufu yake anatoka nje, hata kwenye harusi ya watu. Nywele zikianza kutoka, usizingoje zikuachie aibu kwenye mto. Njoo tukunyoe, tuna mashine, na baada ya hapo tunakunywa kidogo pombe ya plamu, sisi wote isipokuwa wewe, wewe utauliza daktari kwanza. Na hili nalisema bila mzaha: ukiwa kwenye dripu ukapata homa, usingoje kupambazuke, usinywe chai ya majani, usiseme itapita. Unapiga simu na unakwenda hospitali wakati huo huo.

Simu yako usiigeuze daktari. Mimi nilisoma humo kila mwanamke aliyewahi kufa, tangu Moskva hadi Amerika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa kama wangu.

Na utalia kwa mambo ya kipuuzi. Mimi nilivumilia upasuaji, nikavumilia mionzi, kisha nikavunja kifuniko cha bakuli la sukari nikakaa sakafuni nikalia mpaka nikapata kwikwi. Utawachukia watu wazima wa afya kwa sababu tu wanapita barabarani wakila aiskrimu. Unaruhusiwa. Utachoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na vyombo vitalala bila kuoshwa. Hilo nalo linaruhusiwa, ingawa kwako wewe, tunajua, litauma kuliko kisu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto ya kwanza ni majirani wema. Utaletewa juisi ya bitiruti. Utaletewa kokwa za aprikoti, asali ya kuchanganywa na mshubiri, na kuna bibi mmoja wa mtaa wa chini, jina hatulitaji, atakuletea mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya baraka na kukwambia unywe kijiko asubuhi. Bitiruti kunywa kama unaipenda, na umwambie daktari. Mafuta ya taa tuletee sisi, jiko hili linayataka. Atakayekwambia uache hospitali umfuate yeye, mwonyeshe lango.

Kuna na wanaokuja kukulilia. Anakaa, anakushika mkono, anasema maskini wewe, na mwisho wa yote ni wewe unayemchemshia kahawa na kumbembeleza. Huyo mwambie umechoka, unalala. Ukishindwa kusema, niite mimi, nitamtangazia basi lake.

Changamoto ya pili imekaa pale penye ngazi, imeambiwa inyamaze. Waume zetu hawana maneno kwa jambo hili, Vida. Mume wa Ljubinka alipasua kuni za kumtosha mtu uzeeni. Wako ametengeneza uzio, akamaliza, akaubomoa, anautengeneza upya. Alikuja kwangu juzi, kofia mkononi.

"Stamenka, mwambie wewe. Mimi nikifungua mdomo tu, anatoka kwenda kulisha kuku."

"Unataka nimwambie nini?"

Akazungusha kofia ile weee. Halafu akasema, "Kwamba sijui chumvi inakaa wapi. Hata chumvi, Stamenka. Nitaishije na nyumba ambayo sijui chumvi inakaa wapi?"

Momčilo, nisamehe, niliahidi kutosema. Lakini mwanamume huyu anakupenda na hajui pa kulitua neno hilo, kwa hiyo tumelitua sisi.

Changamoto ya tatu ni Jagoda. Yuko Linz, kule Austria, anawahudumia wazee wa watu, na wewe kila Jumamosi unamwambia kwenye simu kwamba mvua imenyesha na paka amezaa. Unasema hutaki aache kazi na kuja mbio. Mtoto wako atajua, Vida. Kijiji hiki hakijawahi kufaulu kuficha hata mimba. Swali lililobaki ni kama atasikia kwako au kwa dada wa duka la mikate, ambaye ana binamu huko huko Linz.

Changamoto ya nne ndiyo iliyotufanya tukuwekee kiti.

Ulipangiwa upasuaji wiki mbili zilizopita. Ukawapigia simu ukasema hoho hazijavunwa, wakusogezee. Wakakusogezea hadi Jumanne hii, yaani keshokutwa, na daktari akamwambia Momčilo kwamba isisogezwe tena. Na sisi tumesikia kwamba kesho asubuhi unataka kuwapigia tena. Usimtazame Momčilo. Tulisikia kwako mwenyewe, ulikuwa unafanya mazoezi ya maneno ya kuwaambia ukidhani uko peke yako kwenye banda la kuku, na Desa alikuwa upande wa pili anaokota mayai.

Tulikuja kwako Alhamisi, sote, na kreti zetu, na glavu. Ulitoka mpaka langoni.

"Nimewaita?"

"Hapana, Vida, lakini..."

"Sijawaita. Haya, karibuni kahawa, mkimaliza muende kwenu."

Ukatupa kahawa, ukatupa na keki ya jozi, ukatufungulia lango tukatoka na kreti tupu. Tulirudi tumenuna, lakini hatukukulaumu. Uliyoyasema ndiyo desturi. Wewe umekuja kwenye mwito wa kila mmoja wetu, siku zote wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na kwa miaka yote hiyo hujamwita mtu hata kuja kukusaidia kuning'iniza pazia. Hatujui ulijifunza wapi kwamba kuombwa ni heshima na kuomba ni aibu. Labda hukujifunza, labda ulizaliwa nayo.

Ila kuhusu hoho, mwenzetu, turuhusu tuseme. Ljubinka alikuwa na nguruwe wa kuchinja kabla hajaenda. Desa alikuwa na wageni wa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao, hawezi kuwaacha. Mimi, Mungu anisaidie, nilimwambia daktari kwamba nimeshanunua chokaa na lazima nipake jiko kwanza. Alinitazama tu. Kila mmoja wetu alikuwa na hoho zake. Tulichokuwa nacho kikweli ni hofu, na hofu haina sura nzuri ya kuitoa mbele ya watu, kwa hiyo unatoa nguruwe, unatoa chokaa. Mama yako alikwenda hospitali hiyo wakati wa mavuno na hakurudi. Tulimzika sisi, tunakumbuka mvua ya siku ile. Hatukusahau, Vida. Hatukutaka tu kuwa wa kwanza kulisema.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa heshima na taadhima, kikundi kinaomba yafuatayo.

Kesho asubuhi usipige ile simu ya kuahirisha. Ukiona mkono unaifuata, njoo hapa, tutakupa kisu na kreti ya hoho mpaka saa za ofisi zipite.

Mpigie Jagoda leo. Usimwambie habari za paka. Mwambie, nimekutwa na saratani ya titi, ni ndogo, Jumanne wanaitoa, naogopa. Sentensi hizo hazitamuua. Atakachofanya baada ya hapo ni juu yake, yeye ni mtu mzima, na analea wazee wa Kiaustria wenye hasira kuliko wewe.

La tatu, tuite. Sisi hatutaingia shamba lako bila neno lako, tumekula kiapo, na Ljubinka amekula kiapo akiwa na kuku mdomoni lakini kimehesabika. Mavuno tutavuna, kuchoma tutachoma, ajvar tutapika kwa chumvi yako wewe, ile nyingi kupita kiasi, na chupa tutazipanga kwenye rafu zako. Momčilo tutamwonyesha chumvi. Lakini mwito lazima utoke kinywani mwako.

Hapo ndipo maandishi ya kikundi yanapoishia. Tuliyatunga pamoja mezani kwa Ljubinka. Hili linalofuata wenzangu hawalijui, na nimebadilisha nia kuhusu kulisema mara tatu tangu nisimame hapa.

Vida, mimi nami nina miadi Jumanne. Hospitali ile ile. Nilikwenda kupigwa picha ya titi ya kila mwaka, na wameona kitu upande wa kulia. Wanataka kuchukua kinyama wakapime. Labda si chochote. Walisema labda si chochote, na nimelitazama neno "labda" wiki nzima kila ninapoosha uso.

Ljubinka, usinitazame hivyo. Nitakueleza baadaye. Desa, kaa.

Si hila, Vida. Ningetaka kukufanyia hila ningetunga nzuri kuliko hii. Sikumwambia mtu. Nimekaa nayo nyumbani nikijitia kupika, mimi ninayesimama mbele yako na risala kukufundisha namna ya kuita. Na naogopa. Mara ya kwanza niliogopa kitu nisichokijua, ikawa afadhali. Sasa nakijua. Najua harufu ya ule ukumbi, najua viti vinavyobana, najua wanavyotamka jina lako vibaya na wewe unainuka tu. Siwezi kukaa pale peke yangu, na hawa wengine nikienda nao watalia.

Wewe hulii. Wewe ulikuja kuvuna kabichi zangu ukiwa na homa inayotetemesha meno. Ulikwenda kwa Desa msimu ule ambao hamkuwa mnasalimiana, ukafanya kazi kutwa nzima bila kumpa neno, ukaondoka. Hujawahi kumkatalia mtu aliyekuita, na kijiji chote ni shahidi.

Basi naita. Nimetoka kwangu, nimefika mbele yako, sina kofia ya kuzungusha. Vidosava Petković, njoo nami Jumanne. Mume wa Ljubinka atatupeleka kwa gari saa kumi na mbili asubuhi. Chumba changu kiko chini, chako kiko juu yake. Kaa nami mpaka waniite. Kisha nitapanda nawe ngazi mimi, nitakushikia begi, na nitakuwa pale kando ya kitanda chako ukifumbua macho, uwe umenikasirikia au hujanikasirikia.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aipe mikono ya madaktari utulivu, akupe usingizi usiku wa leo na wa kesho, na atupe sote mwaka mwingine wa kugombana juu ya chumvi kwenye ua huu. Tunakupenda. Hatulisemi sana, kwa hiyo tumeliandika na tumelisoma kwa sauti.

Ni sisi, Kikundi cha Wanawake wa Jiko la Nje, Gornja Lipovina:

Ljubinka, mwenyekiti;

Desa, mwenye ua;

Bosiljka, ambaye hatujamfuta jina;

na Stamenka, msomaji, aliyekuita, na ambaye hatakaa chini mpaka umjibu.